Kivuli Kwanza, Kioo Baadaye



Pesa za karafuu zikiingia, kitu cha mwanzo kinachovalishwa nguo mpya ni ukuta wa mbele wa duka. Tazama njia ya kutoka Chake Chake kwenda Konde, au teremka Mkoani. Msimu ukimalizika zinaongezeka fremu zenye kioo kutoka sakafuni hadi darini, mabamba ya aluminiamu yanayong'ara juu ya mlango, na marumaru zilizobandikwa ukuta mzima. Ndani yake utamkuta mwenye duka anajipepea kwa kipande cha boksi.

Najua wapo watakaouliza: bwana shamba na mambo ya mafundi wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba kazi yangu haiishii shambani. Nakuelekeza namna ya kuanika karafuu, kuchagua mbegu za mchicha na bamia, kuchanja kuku wako dhidi ya kideri. Kisha karafuu, mbegu na chanjo hizo zinawekwa ndani ya jengo linalochemka mchana na kutoa maji kutani wakati wa masika. Mavuno yaliyonusurika shambani yanaharibikia dukani au ghalani, na lawama inarudi kwa mkulima.

Maoni yangu, na ni maoni yangu mimi wala si tamko la ofisi, ni haya: hapa kwetu Pemba, ukuta wa nje usio na kivuli ni hasara, hata ungependeza vipi. Shilingi ya kwanza ya ukuta wa mbele iende kwenye kivuli: baraza, upenu, mti. Kioo na urembo vifuate baadaye, kama pesa imebaki.

Jua letu linavyopiga

Pemba iko kusini ya ikweta kwa kiasi cha nyuzi 5 tu. Maana yake ni kuwa jua la adhuhuri hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi wa Juni huegemea upande wa kaskazini, na Disemba huegemea kusini, lakini adhuhuri linabaki juu sana.

Hii ni bahati kwa ukuta unaotazama kaskazini au kusini. Chukua dirisha ambalo kizingiti chake cha chini kiko mita moja na nusu chini ya upenu. Upande wa kaskazini, upenu uliotokeza sentimita 80 hivi unatosha kulizuia jua la adhuhuri hata mwezi wa Juni. Upande wa kusini, sentimita 50 zinatosha Disemba. Hiyo ni gharama ya kurefusha mapau na kuongeza kipande cha bati.

Ukuta wa mashariki na wa magharibi ni habari nyengine. Saa kumi alasiri jua limeshashuka na linaingia kwa ubavu. Dirisha lile lile, likitazama magharibi, linahitaji upenu wa zaidi ya mita 2. Ikifika saa kumi na moja, upenu huo ungepaswa kufika mita 4. Hakuna fundi wa kukujengea upenu mtupu wa urefu huo ukakaa. Kwa hiyo upande wa magharibi dawa yake ni baraza lenye nguzo na paa, au mti, au matofali ya matundu, au chiki inayoteremshwa alasiri. Madirisha ya upande huo yawe machache na madogo.

Shida ni kwamba barabara haikuulizi. Ikiwa kiwanja chako kinatazama barabara kwa upande wa magharibi, ukuta wa mbele utatazama magharibi, na hapo ndipo watu wanapoweka kioo kikubwa kuliko vyote.

Bei ya kioo unailipa kila siku

Tuhesabu pamoja. Alasiri ya jua kali, kioo cha kawaida kinachotazama magharibi huingiza ndani joto la takriban wati 500 kwa kila mita moja ya mraba. Fremu yenye kioo cha mita 6 za mraba inapokea basi wati 3,000 hivi. Pasi ya umeme ni kama wati 1,000. Ni sawa na kuwasha pasi tatu katikati ya duka, ukaziacha zikiwaka mpaka jua lizame.

Ukiamua kuweka kiyoyozi, cha kawaida cha dukani kinachoitwa cha 12,000 huondoa joto la wati 3,500 hivi. Karibu nguvu yake yote inaishia kupambana na kioo. Unanunua umeme wa Tukuza ili kufukuza joto ulilolinunua kwa fundi wa vioo. Asiyekuwa na kiyoyozi naye hasalimiki, kwa sababu friji la soda na la samaki lililowekwa ndani ya joto hilo linazunguka muda mrefu zaidi, na uniti zinakwenda.

Tukumbuke pia umeme wenyewe unatoka wapi. Kabla ya mwaka 2010 Pemba iliendeshwa kwa majenereta ya mafuta pale Wesha. Mwaka huo ndipo tulipounganishwa na Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Ni neema kubwa, lakini ni umeme unaosafiri mbali, na ukikatika kiyoyozi kinakuwa pambo. Jengo linalotegemea mashine ili likalike ni jengo lenye ugonjwa. Upenu hauna mita na haukatiki.

Sasa njoo kwenye bidhaa. Kuna kanuni ya wataalamu wa mbegu ambayo sisi maafisa ugani tunaifundisha: kwa makadirio, kila joto la ghala likipungua nyuzi 5, umri wa mbegu huongezeka mara mbili, na kila unyevu wa mbegu ukipungua asilimia 1, umri wake huongezeka mara mbili vile vile. Igeuze kanuni hiyo uone hasara. Pakiti za mbegu zilizopangwa kwenye kioo ili zionekane, zikipigwa na jua la alasiri, zinapoteza uhai huku picha ya nyanya juu ya pakiti ikiendelea kuwa nyekundu. Mkulima anapanda, haoti, anasema kauziwa mbegu mbovu. Huenda mbegu zilitoka kiwandani nzima, zikafia rafuni.

Karafuu nazo zina adui wa pili, ambaye ni unyevu. Ukuta usio na upenu unalowa mvua ya masika, maji yanapenya, na gunia lililoegemezwa kwenye ukuta huo linapata ukungu upande mmoja. Umeanika kwa jasho kwenye jamvi, umetenganisha makonyo vizuri, kisha daraja linashuka kwa sababu ya ukuta. Weka magunia juu ya chaga, yaache nafasi ya shubiri moja na ukuta, na uhakikishe ukuta wenyewe una upenu unaotupa maji mbali na msingi.

Wazee hawakuwa na kiyoyozi

Maduka ya zamani ya Chake Chake na Wete yana baraza mbele. Watu huliona baraza kuwa pahala pa kupigia soga na kuchezea bao. Ni kweli, lakini kazi yake nyengine ni kuwa ukuta wa nje wa kwanza: jua linaishia kwenye baraza, mvua inaishia kwenye baraza, na mteja anasimama kivulini huku akichagua. Ukuta wa ndani unabaki mkavu na baridi.

Hata majumba ya wakubwa yalijengwa kwa akili hiyo hiyo. Beit al-Ajaib kule Mji Mkongwe, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilizungushiwa roshani pana kwenye nguzo za chuma ili kuta ziwe kivulini. Lakini jengo hilo linatufundisha na jambo la pili. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka na watu wawili wakafariki. Ukuta wa nje ni mzigo unaoning'inia juu ya vichwa vya watu, na unahitaji kukaguliwa kila mwaka kama unavyokagua mikarafuu yako. Uzuri wake na umri wake haviuzuii kuanguka.

Wenye nyumba za udongo zilizokandikwa, nawaomba msizidharau. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole, na ndani panakaa poa hadi alasiri. Kosa linalofanyika sana ni kuupaka ukuta wa udongo lipu ya saruji ili nyumba ionekane ya kisasa. Saruji haipumui kama udongo. Unyevu unaopanda kutoka chini unafungiwa ndani, udongo unalainika nyuma ya lipu, na baada ya masika chache lipu inabanduka na kuchukua kipande cha ukuta. Udongo unataka lipu ya udongo au ya chokaa, msingi wa mawe ulioinuka, na upenu mrefu. Kuta za mawe na chokaa za Pujini na Ras Mkumbuu ni magofu leo, lakini bado zinaonekana baada ya mamia ya miaka ya mvua zetu. Ila ukitafuta chokaa, usiende kuvunja matumbawe hai ya baharini. Ukifanya hivyo umejenga ukuta kwa kubomoa nyumba ya samaki.

Rangi nayo ina kazi. Chokaa nyeupe iliyo safi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua unaoipiga, na rangi nyeusi au kahawia iliyokoza humeza karibu wote. Ukuta wa magharibi uliopakwa rangi ya kampuni ya simu kwa kulipwa tangazo una faida ya mara moja na joto la kila siku. Kabla hujakubali, uliza kama wanaweza kupaka ukuta mwengine.

Moto hupanda ukutani

Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwani jambo hili ni la roho za watu.

Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 jijini London, friji liliwaka katika nyumba moja ya ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell, lenye ghorofa 24. Moto wa friji ni moto wa kuzimwa. Lakini jengo lilikuwa limevalishwa nje mabamba ya aluminiamu yenye tabaka la plastiki katikati. Moto ulitoka dirishani, ukashika mabamba, ukapanda mpaka juu. Watu 72 walipoteza maisha. Nguo ile ya nje iliwekwa ili kulipendezesha jengo na kupunguza gharama za joto. Mwaka mmoja na nusu hivi nyuma, usiku wa kuamkia mwaka 2016, Dubai ilishuhudia hoteli ndefu ikiwaka kwa nje namna hiyo hiyo, moto ukipanda kwenye mabamba ya ukutani. Wengi wetu tuna jamaa waliokuwa huko wakati ule.

Utasema Pemba hatuna majengo ya ghorofa 24. Kweli. Ila mabamba yanayobandikwa juu ya milango ya maduka, yale ya mabango na vipambizo, mengi ni ya aina ya sandwichi: aluminiamu nyembamba mbili na kitu katikati. Fremu zetu zimeshikana bega kwa bega, na nyuma ya bamba mara nyingi panapitishwa waya za taa zilizounganishwa kwa gundi ya karatasi. Duka moja likishika, moto una njia tayari ya kwenda la jirani.

Kabla ya kununua, tazama ukingo wa bamba uliokatwa. Ukiona tabaka la plastiki katikati, mwambie muuzaji akuoneshe karatasi ya kiwandani inayosema bamba hilo halishiki moto. Hana? Acha. Bango la bati lililopakwa rangi litatangaza duka lako vile vile. Waya za taa za nje zipitishwe kwenye bomba lake, na fundi wa umeme awe mwenye leseni.

Na nondo za madirisha na milango, yaani grili. Nazielewa, wizi upo. Lakini duka ambalo watu wanalala ndani, lenye mlango mmoja mbele na grili pande zote, ni mtego. Grili moja ya nyuma iwe ya kufunguka kutoka ndani, na ufunguo uning'inie pahala ambapo hata mtoto anaweza kuufikia gizani. Hili halina gharama ya kutisha. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi wakifika, muda wao mwingi usiishie kukata chuma.

Vinavyoanguka

Kioo cha kawaida kikivunjika huwa visu. Kama lazima uweke kioo cha mlango au cha ukuta ulio chini ya usawa wa kichwa, nunua kile kilichopitishwa motoni kiwandani, ambacho kikivunjika huwa chembe ndogo. Weka na alama ya rangi usawa wa macho, kwani watoto wanakimbia.

Marumaru za ukutani zisizidi usawa wa kiuno kwa upande wa nje. Jua linazipanua, mvua inazipoza, chumvi inakula gundi, na ile iliyoko juu ya mlango ndiyo itakayomuangukia mteja.

Mwambie fundi asitumie mchanga wa pwani usiooshwa kwa maji baridi. Chumvi hufika kwenye nondo, nondo hushika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege linapasuka kutoka ndani. Ukiona ufa ulionyooka kufuata nondo kwenye kizingiti au nguzo ya baraza, usiupake rangi. Muite fundi.

Na huo upenu ninaouhubiri, ufungwe. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Hilo halituhakikishii chochote kwa mwaka ujao. Mapau yafungwe kwenye boriti kwa waya mnene au ukanda wa chuma, na misumari ya bati iwe na kofia. Bati linaloruka ni panga.

"Lakini mteja anataka kuona bidhaa"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia zaidi, na ina uzito. Mfanyabiashara ananiambia: nikijenga la kizamani, vijana watapita kwenda la jirani lenye kioo. Wengine wanasema baraza linakula nafasi ya duka, na nafasi ni pesa.

Simwambii mtu asiweke kioo. Kiweke ndani ya baraza, kivulini. Kioo kilicho kivulini huonekana vizuri zaidi, kwa sababu hakirudishi mwanga machoni mwa mpita njia. Kiwe cha mita 2 za mraba badala ya 6, na pesa iliyobaki imejenga baraza. Kuhusu nafasi, mita moja na nusu ya baraza unaitumia: ndoo, majembe, mikungu ya ndizi vinakaa hapo mchana, na wateja wakati wa mvua wanakimbilia kwako. Aliyekimbilia mvua hakosi kununua sukari.

Hoja ya tatu ni ya haki zaidi: "Kiwanja changu kimeishia barabarani, baraza nitaliweka wapi?" Kweli hiyo. Kabla ya kujenga, nenda kwa sheha na kwa watu wa baraza la mji au halmashauri yako, ujue hifadhi ya barabara inaishia wapi, urudishe ukuta nyuma kwa kipimo cha baraza. Ukijenga mpaka ukingoni, siku barabara ikipanuliwa utapoteza vyote.

Na kwa wenye mamlaka nina ombi. Fremu za masoko zinapojengwa kwa pesa za umma, ziwe na baraza na matofali ya matundu tangu kwenye mchoro. Mwananchi anaiga anachokiona. Tukimjengea sanduku la bati na kioo, atajenga sanduku la bati na kioo.

Kwa mwenye kujenga msimu huu

Panga pesa kwa mfuatano huu: msingi ulioinuka, paa lililofungwa, upenu au baraza, matundu ya hewa juu ya kuta zinazokabiliana ili kaskazi na kusi zipite, mlango wa pili, chokaa nyeupe, kisha kioo. Upande wa magharibi panda mti leo, mwembe, mfenesi au msufi, kwa umbali ambao mizizi na matawi havitagusa ukuta.

Na kabla hujamlipa fundi wa vioo arubuni, nenda kiwanjani kwako saa kumi alasiri, siku ya jua. Simama pale unapotaka kuweka kioo, uelekee barabara. Ukishindwa kufumbua macho, basi na mbegu zako, dawa zako na friji lako vitashindwa.

Wabillahi tawfiq.